Kosa la Kuazima

Jumatatu, 3 Machi

Haya, nimeanza. Taratibu kasema rubani anayejiandaa kwa usaili aandike kila siku, hata mstari mmoja, ili akiulizwa amejiandaaje asibabaike kama mtoto aliyekutwa na sukari mdomoni. Taratibu ni rafiki yangu tangu chuo cha urubani. Tulimpa jina hilo kwa sababu hata baiskeli haipandi kabla hajaizunguka: tairi, breki, kengele, tairi tena. Leseni anayo, kazi hana. Kama mimi.

Sasa shirika moja la ndege ndogo za pangaboi, zile zinazopeleka watu miji ya ndani, limetangaza nafasi mbili za rubani msaidizi. Taratibu anasema moja yake, moja yangu, na wengine watatusamehe.

Mimi nalala sebuleni kwa dada yangu. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mimi sikupewa jembe, nimepewa cheo. Shemeji, ambaye ni fundi friji na mdomo wake haujui kuzimwa, ananiita Kapteni wa Kochi. Asubuhi hii alisimama mbele yangu na kikombe chake cha chai. "Kapteni, tunaomba utue, abiria wanataka kukaa." Dada alicheka mpaka akashika ukuta. Na mimi nikacheka. Kisha nikaingia bafuni, nikafungulia maji na kukaa humo kidogo, maana mtu mzima na ndevu zake halii mbele ya shemeji yake.

Jumatano, 5 Machi

Mvua zimeanza. Paa linavuja juu ya kochi, upande wa miguu. Shemeji: "Kapteni, hali ya hewa huko vipi?"

Jumapili, 9 Machi

Mazoezi tunafanyia kwa mama yake Taratibu. Mama huyu ni fundi cherehani, na chumba chake cha mbele kimejaa vitambaa na pini zinazongoja mtu asiyevaa viatu. Tunapanga viti viwili bega kwa bega, mpini wa ufagio unakuwa usukani, na tunasomeana hatua za kuwasha injini kwa sauti mpaka mama anauliza kama tumesharuka au bado tunamsumbua. Halafu tunavigeuza viti vitazamane, mmoja wetu anakuwa msaili. Hapo ndipo ninapokwama.

Kuna swali haliepukiki katika usaili wa marubani: tueleze kosa ulilowahi kufanya, na ulijifunza nini. Ukisema hujawahi kukosea, wanakuaga papo hapo. Rubani asiyekosea ni rubani anayeficha, ndivyo wanavyosema.

Nilijibu kwamba siku moja nilichelewa kwenye kikao cha kabla ya kuruka, nikajifunza umuhimu wa muda, na tangu siku hiyo nathamini sana ushirikiano na uwajibikaji na nini na nini.

"Refu mno," Taratibu akasema. "Anza tena."

Nikaanza tena. "Refu mno. Anza tena." Mara ya nne nikamwambia basi aseme lake, kama yeye ni bingwa.

Akanyoosha mgongo, akaweka mikono magotini. "Ilikuwa safari yangu ya kwanza ya mbali peke yangu. Nilielekezwa kiwanja chenye mto kushoto na paa la bati kulia. Nikaona mto, nikaona bati, nikatua. Vizuri kabisa. Nikazima injini. Akaja mama mmoja aliyekuwa ameanika mahindi ukingoni mwa kiwanja. Akanitazama, akaitazama ndege, akaniuliza, 'Umekuja kumchukua nani?' Hapo ndipo nikajua. Sikuja kumchukua mtu. Mto wangu ulikuwa mwingine, na bati langu lingine."

"Ukafanyaje?"

"Hakuna aliyeniona ila yule mama. Ningeweza kuwasha injini nikaondoka zangu. Nikashika redio, nikawaambia waongoza ndege nimetua pasipo pangu."

"Ulijifunza nini?"

"Muda mrefu kabla ya kutua nilishahisi nimepotea. Redio ilikuwa pale pale, lakini niliona haya kuuliza. Kilichonipoteza si mto, ni haya."

Mama aliacha kukanyaga cherehani. Hata mimi, niliyeisikia hadithi hii chuoni mara kadha wa kadha, nilitamani kumwajiri hapo hapo.

Ijumaa, 14 Machi

Dada alinisaili jikoni huku anakatakata vitunguu. Nikamwambia lile la kuchelewa. Akanitazama kwa macho yanayotoka machozi.

"Hilo si kosa, mdogo wangu. Hiyo ni sifa imevaa miwani ili isijulikane."

"Mwambie hujawahi kuosha sahani," Shemeji akadakia kutoka sebuleni. "Hilo ni kosa, na mashahidi tupo."

Makosa ninayo, jamani, si kwamba sina. Lakini ya kwangu ni mabaya, hayana yule mama wa mahindi. Kuna siku upepo wa ubavuni ulitupiga tukiwa karibu kugusa ardhi, mikono ikaniganda, mwalimu akaninyang'anya usukani akitukana. Nilijifunza nini? Nilijifunza kwamba mikono yangu inaweza kuganda. Nani anakwenda kusema hivyo mbele ya watu wanaotaka kumpa ndege?

Alhamisi, 20 Machi

Mtihani wa kuandika tumepita wote wawili. Mashine ya kuigizia urubani nayo tumepita. Taratibu aliizunguka kwanza ile mashine, ambayo imefungwa sakafuni kwa bolti. Msimamizi akamwuliza anatafuta nini. "Chochote," akasema.

Alhamisi, 27 Machi

Wamepiga simu. Jopo ni Jumatano, mimi nitaingia kwanza, Taratibu anafuata. Mama yangu huko nyumbani ameshawatangazia majirani. Nilimsihi asiseme kitu, akaniambia hajasema kitu, amesema tu mwanawe ni rubani, kwani uongo?

Jumanne, 1 Aprili

Suti ni ya Shemeji, aliyoolea. Dada amenipunguzia kiuno. "Kaa vizuri kesho," akaniambia, "nguo ya kuazima haisitiri matako." Wakacheka wote wawili. Shemeji mwenyewe ndiye aliyeipiga pasi, akanifukuza nilipotaka kumpokea. Nadhani alitaka kupata jambo la kunisimanga.

Jumatano, 2 Aprili

Sijui nianzie wapi. Nitaandika kama yalivyotokea.

Mvua ilikuwa ya kumwaga na ndoo. Taratibu alinipitia na mwavuli mmoja, mdogo. Njia nzima aliuinamishia upande wangu. Nilimwambia ajifunike na yeye, akasema, "Suti ni ya watu, hiyo. Shati langu litakauka." Tulipofika bega lake la kulia lilikuwa limelowa chepechepe, ngozi inaonekana. Mimi nilikuwa mkavu kama biskuti.

Ndani walikuwa watatu. Wa katikati ni Rubani Mkuu wa shirika, mama wa makamo, miwani yake inaning'inia shingoni kwa kamba. Mwanzo nilikwenda vizuri. Mafuta, mawingu, injini moja ikizima, yote nilijibu. Kisha akaivaa ile miwani.

"Tueleze kosa moja ulilofanya kazini."

Nikatoa lile la kuchelewa. Hata sikulimaliza. Aliinua mkono.

"Hilo weka pembeni, kijana. Sasa tupe la kweli."

Nilisikia mvua dirishani. Nikafikiria mikono iliyoganda, nikaona jinsi watakavyotazamana. Na mdomo wangu ukafunguka wenyewe: "Ilikuwa safari yangu ya kwanza ya mbali peke yangu."

Nilisema yote. Mto kushoto, bati kulia. Nilipofika kwa yule mama na mahindi yake, "Umekuja kumchukua nani?", wote watatu walicheka, na mimi nikahisi utamu wa kuchekwa vizuri, haki ya Mungu nilihisi utamu. Nikamalizia na haya, kwamba haya ndiyo iliyonipoteza. Nilisema neno haya bila haya. Rubani Mkuu akavua miwani, akaniambia, "Hapo sasa umejibu."

Nilipotoka, Taratibu alikuwa kwenye benchi la ukumbini, anajipepea bega kwa karatasi.

"Vipi? Wameuliza nini?"

"Ya kawaida tu."

"La kosa limo?"

"Limo."

"Ukawapa lile la kuchelewa?"

Mlango ulikuwa bado haujafunguliwa. Kulikuwa na nafasi ya kusema maneno manne: Nimesema lako, tafuta lingine. Hata mawili yangetosha.

"Ndiyo," nikasema.

"Wakalikubali?"

"Wakalikubali."

Akatabasamu, akanipiga begani. "Si nilikwambia ukilifupisha litapita." Wakamwita, akaingia.

Hakukaa sana. Alitoka akafungua mwavuli kwa utulivu, akauinamisha upande wangu kama mwanzo, tukaondoka. Nilimwuliza imekwendaje. "Imekwenda," akasema. Tukatembea bila neno mpaka pale njia zetu zinapoachana. Hapo akanishikisha mwavuli. "Usilowe, suti ya watu," akasema, akaondoka kwenye mvua bila kukimbia.

Mwavuli uko hapa, nyuma ya kochi.

Alhamisi, 3 Aprili

Mvua. Sijampigia.

Jumamosi, 5 Aprili

Naye hajanipigia. Pengine alisema kosa lingine. Mtu kama Taratibu hawezi kukosa makosa mawili.

Jumanne, 8 Aprili

Dada aliuliza mbona siendi tena kwa fundi cherehani. Nikamwambia mazoezi yamekwisha. Akasema, "Na urafiki?" Nikajifanya nasikiliza mvua.

Jumanne, 15 Aprili

Nimepata kazi.

Simu iliita nikiwa nakunja shuka. Sauti ikasema nimechaguliwa, nitakwenda kupimwa sare wiki ijayo. Nikauliza kuhusu mwenzangu aliyenifuata. "Hatuzungumzii waombaji wengine," akasema, na sauti yake ikabadilika kidogo, au mimi ndiye niliyeibadilisha.

Dada alipiga vigelegele mpaka jirani akaja kuuliza kama kuna msiba au harusi. Shemeji alikuwa chini ya friji la mtu. Alitoka na grisi mpaka puani, akanitazama, akafungua mdomo wake usiojua kuzimwa, na hakikutoka kitu. Akanikumbatia. Alinilowesha shingo, mwanaume yule. Ndipo Dada aliponieleza kwamba usiku wa kuamkia usaili hakulala, alikuwa anauliza kila saa kama suti itanibana makwapani. Na mimi niliandika humu kwamba anatafuta la kunisimanga! Tangu nihamie hapa, kila utani wake nimeuhesabu kuwa ni kufukuzwa. Kumbe alikuwa anachokonoa moto usizime.

Nilitamani ardhi ipasuke. Walikuwa wananishangilia mimi kwa kitu cha mtu mwingine.

Mama alilia kwenye simu. Nami nikalia, akadhani ni kwa furaha.

Jumanne, 22 Aprili

Nimekwenda kupimwa sare. Tulikuwa wawili, mimi na binti mmoja aliyechukua nafasi ya pili. Fundi wa sare alikuwa ananizungushia futi kifuani Rubani Mkuu alipopita na kikombe chake.

"A, bwana wa mahindi," akasema. "Unajua aliyekufuata siku ile? Kaja na hadithi yako. Neno kwa neno! Mto, bati, umekuja kumchukua nani. Nikamwuliza, kijana, hii umeisikia wapi? Akanyamaza. Nikamwambia, haya, tupe nyingine, yako mwenyewe. Akasema, 'Kapteni, hiyo ndiyo niliyonayo.' Nikamwonyesha mlango." Akatikisa kichwa. "Siku hizi wanaiba hata makosa. Nimewaambia wenzangu wa mashirika mengine wamjue."

Binti alicheka. Fundi alicheka.

Na mimi nikacheka.

Jumatano, 23 Aprili

Nilicheka. Nimejaribu kula, nimejaribu kulala, kila nikifumba macho najisikia nikicheka, na futi la fundi liko kifuani.

Angeweza kusema ni yake. Angeweza kunitaja. Alijua ni mimi, nani mwingine? Alikaa pale na bega lake limelowa akaitwa mwizi, kisha akatoka akanifunika mwavuli.

Alhamisi, 24 Aprili

Nilikwenda bila kumwambia mtu. Nilingoja nje ya ofisi ya Rubani Mkuu mpaka akatoka kwenye kikao. Alidhani nimekuja kwa ajili ya viatu.

"Kapteni, ile hadithi ya kutua pasipo pangu si yangu."

Akasimama mlangoni. "Ingia."

Hakuniambia nikae, na mimi sikukaa. Nikamweleza. Kwamba ni ya yule aliyenifuata, ni rafiki yangu, aliniamini nayo kwenye mazoezi. Kwamba aliponiuliza ukumbini nilimdanganya. Njia ya mwongo fupi, wahenga wamesema, lakini yangu ilikuwa na hatua mbili tu: kutoka mlango wako, nikamwambia, mpaka benchi lile.

Akaivaa miwani, akanitazama kama anasoma kifaa kinachoonyesha namba asiyoiamini.

"Juzi nilipokusimulia, ulicheka."

"Nilicheka."

"Sauti kubwa tu."

"Ndiyo, Kapteni."

Nje kulikuwa na ndege inawasha injini, tukaisubiri sote wawili ipate sauti yake.

"Iko siku utakuwa juu," akasema, "mimi nimekaa kushoto kwako, na umeharibu kitu kwa mkono wako mwenyewe. Simtaki mtu asiyeharibu. Namtaka atakayeniambia papo hapo. Wewe umechukua wiki tatu, kijana. Wiki tatu hewani ni nyingi."

"Najua."

"Na ningekuwa sikukusimulia lile juzi, ungekuja?"

Hapo nilitaka kusema ndiyo. Neno lilikuwa limeshafika kwenye meno. "Sijui," nikasema.

Alichukua simu yake, akaanza kutafuta kitu. Bila kuniangalia akasema, "Sare hatutashona. Yule mwenzako nitampigia mwenyewe, na wale niliowaambia vibaya nitawaambia tena. Funga mlango ukitoka."

Nikaufunga.

Ijumaa, 25 Aprili

Nimewaambia. Nilingoja wamalize kula, kisha nikasema yote kwa mara moja, kama mtu anayebandua plasta. Dada aliacha vyombo mezani. Shemeji alitazama mikono yake muda mrefu.

"Kochi lipo," akasema mwishowe, akaenda kulala mapema.

"Mama umemwambia?" Dada akauliza.

"Bado."

"Basi utamwambia wewe. Mimi niliyapokea maneno ya furaha, haya mengine siyabebi."

Nilimpigia. Mama alisikiliza mpaka mwisho, na Mama si mtu wa kusikiliza mpaka mwisho. Nilijua anawafikiria majirani. Kumbe sivyo. Akaniuliza, "Huyo mwenzio ana mama?"

"Anaye."

"Na yeye alishawaambia watu mwanawe anakwenda kuwa rubani?"



Jumapili, 27 Aprili

Nilichukua mwavuli nikaenda. Viatu vya Taratibu vilikuwa mlangoni, vile vyeusi vya usaili, vimepakwa rangi upya. Mama yake alikuja mlangoni na futi shingoni.

"Hayupo," akasema.

Tukavitazama viatu sote wawili.

"Shikamoo, Mama," nikasema, maana nilikuwa hata salamu nimesahau.

"Marahaba." Nikamnyooshea mwavuli. Hakuupokea. "Huo utampa mwenyewe. Mimi siwi tarishi wenu."

Nikarudi nao. Mvua ilinyesha njiani nikashindwa kuufungua.

Jumatatu, 5 Mei

Shemeji haniiti tena Kapteni wa Kochi. Ananiita jina langu. Sikujua jina langu linaweza kuuma hivi.

Alhamisi, 8 Mei

Naenda naye kazini sasa. Nashika tochi na kumpa spana. Leo tulitoa panya ndani ya friji la duka la dawa. Hakutania hata panya.

Jumanne, 13 Mei

Dada kasikia sokoni kutoka kwa mama yake Taratibu: wamemwita, wamemsaili upya, wamemchukua. Ameanza mafunzo. Nilisema Mungu mkubwa, na nilimaanisha. Halafu nikaenda nyuma ya nyumba nikakaa kwenye ndoo, kwa sababu nilimaanisha na bado iliniuma. Vyote viwili vinaweza kukaa kifuani pamoja, havigombani.

Jumapili, 18 Mei

Mvua zimepungua. Pale juu ya kochi Shemeji ameziba bati. Alipomaliza alishuka ngazi, akaangalia kazi yake, akaniangalia mimi, na nikaona inamjia, ikamshinda.

"Anga sasa safi, Kapteni wa Kochi," akasema. "Unaruhusiwa kulala."

Niliitikia, "Nimepokea," na sauti ikanikatika katikati. Akajifanya anatafuta nyundo.

Jumapili, 25 Mei

Jua kali tangu asubuhi, nguo zinakauka kabla hujazianika. Nilikuwa peke yangu nyumbani. Hodi ikapigwa. Taratibu, ndani ya shati jeupe.

"Nimefuata mwavuli wangu," akasema.

Nilitazama nje, mbingu hazina hata wingu la kusingizia. Nikamletea mwavuli. Aliupokea, akaufungua, akaukagua ubavu kwa ubavu, akaufunga. Hakuondoka. Akaingia ndani, akaona viti viwili vya mezani, akavivuta mpaka vikatazamana. Akakaa kimoja, akaweka mwavuli magotini.

"Wale wa ndege za mizigo wametangaza nafasi," akasema. "Najua kwa sababu kapteni wangu, yule mama wa miwani, ameniambia. Amesema, mwambie na yule rafiki yako." Akasafisha koo. "Kaa."

Nikakaa. Magoti yetu yalikaribia kugusana. Nilitaka kuomba radhi, niliyoiandaa mwezi mzima, nzuri, yenye vituo na mkato. Akainua mkono kama Rubani Mkuu.

"Tueleze kosa moja ulilofanya kazini."

"Taratibu..."

"Mimi msaili. Tueleze."

"Siku moja upepo wa ubavuni..."

"Hilo weka pembeni. La kweli."

Basi nikamwambia. Macho yake makavu, yangu hapana. Nilimwambia kwamba nilikuwa na rafiki aliyenipa kosa lake nijifunze nalo, nikalivaa nikatoka nalo mbele za watu. Kwamba aliniuliza kwenye benchi nikamjibu uongo. Kwamba walipomwita mwizi nilikuwa napimwa sare, na nikacheka. Hapo kwenye kucheka nilisimama. Kidole chake kilikuwa kinabonyeza kitufe cha mwavuli, bila kuufungua.

"Nilijua tangu waliponiuliza nimeisikia wapi," akasema, na hiyo haikuwa sauti ya msaili. "Nilipotoka nilikuwa nangoja useme njiani. Ndiyo maana nilitembea polepole."

Sikuweza kumtazama.

Akarudi kuwa msaili, akanyoosha mgongo. "Na ulijifunza nini?"

Nilitafuta. Ile radhi yote ya mwezi mzima haikuwa na mahali pa kuingia.

"Kwamba wewe bega lilikuwa limelowa," nikasema, "na mimi nilikuwa mkavu, na hata hivyo niliona mimi ndiye ninayehitaji kusitiriwa. Kwamba nilijiona mdogo mbele ya watu watatu nisiowajua, nikaona afadhali niwe mwizi kwa mtu mmoja anayenijua, kwa sababu yeye nilidhani, yaani nilifikiri kwamba yeye..."

Alitazama dirishani, kule kwenye jua. Taya lake lilikuwa linatafuna kitu kisichokuwepo. Kisha akanigeukia.

"Refu mno," akasema. "Anza tena."